Jibu: Kijana wangu asema hana kipaji cha mpira

Dadangu, umeuliza kwa nini kijana wako ataka kuacha mpira kwa penalti mbili tu alizokosa. Mimi sikuziona hizo penalti, lakini hilo neno lake, "sina kipaji", ndilo la kushughulika nalo. Bernard Weiner, mwanasaikolojia wa Marekani, alizipima sababu tunazojipa tukifaulu au tukishindwa, kwa maswali matatu: imetoka kwangu au nje, yabadilika au haibadiliki, naimudu au siimudu? Kipaji anavyokiona yeye ni chake, hakibadiliki, wala hana la kukifanya. Sasa kesho aende mazoezini kutafuta nini? Angesema "nilipiga huku namtazama kipa", hilo lina dawa: mipira ishirini kila jioni pale uwanja wa Tononoka.

Wala asitupie refa na jua kila kitu. Mbio za nyika za dunia za 2007, hapa hapa Mombasa, Kenenisa Bekele, yule bingwa wa Ethiopia, aliachia njiani. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda kwenye joto lilo hilo (na joto letu la Machi mwalijua).

Siku akifunga, usimwambie "bahati yako"; bahati nayo yatoka nje, wala haimudu. Hapo ndipo wazazi wengi twakosea. Muulize alipigaje.