Kisigino Kilichonikalisha Barazani

Kwa miezi saba adhana ya alfajiri ilikuwa ikinikuta nashuka kitandani kwa kushika ukuta. Ile hatua ya kwanza ndiyo iliyokuwa na shari: kama nimekanyaga mwiba wa samaki, chini ya kisigino cha kulia, upande wa ndani. Nikifika msikitini maumivu yameshalegea. Nikikaa nusu saa kunywa chai kisha nikainuka, mwiba uko palepale.

Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Lamu. Asubuhi twaanzia Mkunguni, mbele ya ngome, tuzunguke vichochoro vya Mkomani. Jioni naandamana nao kwa miguu hadi Shela, kilomita tatu hivi, na kurudi ni hivyo hivyo. Miaka yote hiyo mguuni mna ndara za mpira zilizolika upande mmoja. Basi msiniulize maradhi nimeyatoa wapi.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mama alisema ni baridi imeingia. Bibi mmoja wa Langoni, mchuaji, mwenye vidole vyenye nguvu kuliko vyangu, alinikanda kwa mafuta ya simsim hadi nikauma kikoi. "Mshipa umekwama, mjukuu wangu. Njoo tena Ijumaa." Nilikwenda Ijumaa nne. Kila mara nilipata siku mbili za raha, ya tatu mwiba ukarudi. Nikajaribu kupumzika, nikakalia baraza mwezi mzima bila kipato. Siku ya kwanza kurudi kazini nilifika Shela nikichechemea. Halafu nikaingia mtandaoni, nikakutana na wale mabingwa wa "kufungua fashia", nikaagiza Mombasa gurudumu la plastiki lenye vijiti. Sasa mpwa wangu analichezea.

Hiyo fashia yenyewe sikuielewa kwenye simu, niliielewa kwenye akika. Ami alikuwa akichuna mbuzi. Kisu alikiweka kando, akawa anasukuma ngumi kati ya ngozi na nyama, na hapo katikati ukavutika utando mweupe, mwembamba, umelowa, unanyooka kisha unakatika. Alipofika pajani, kila mnofu ulikuwa umevikwa utando wake, na utando huo ukaenda kuungana na kano. Sisi tuna vivyo hivyo. Ni nyuzi za kolajeni, protini ngumu ya mwili, na baina ya tabaka zake mna uteute uitwao hayaluroni unaoziwezesha kuteleza. Wapasuaji wa maiti waliukwangua na kuutupa kwa muda mrefu ili waione misuli vizuri. Siku hizi una wataalamu wake, kama Carla Stecco wa Chuo Kikuu cha Padova huko Italia, na mkutano wa kwanza wa kimataifa wa utafiti wake ulifanyika Boston mwaka 2007.

Chini ya wayo utando huo umekuwa mnene, mkanda hasa, kutoka mfupa wa kisigino hadi kwenye vidole. Kaa, pandisha mguu gotini, kivute kidole gumba kwa juu, kuelekea muundi. Utaona upinde wa wayo unainuka, na ukipapasa kwa kidole utausikia mkanda umekaza kama henza wakati tanga linapandishwa. Mwingereza J. H. Hicks alilieleza jambo hili mwaka 1954, akalifananisha na duara la kuvutia kamba: kidole kikikunjwa kwa juu, mkanda unajizungusha kwenye kichwa cha mfupa ulio nyuma ya kidole na kuuvuta upinde juu. Kila hatua unayopiga, duara hilo linafanya kazi. Hesabu mwenyewe kutoka Mkunguni hadi Shela ni mara ngapi.

Sasa, nilikosea wapi? Kwanza nilidhani kuna uvimbe wa kutulizwa. Mwaka 2003 Harvey Lemont na wenzake walichunguza vipande vya mkanda huo kutoka kwa wagonjwa 50 waliopasuliwa, na badala ya uvimbe wakakuta nyuzi zilizochakaa. Pili, nilidhani mkono wa bibi unaweza kuunyoosha. Mwaka 2008 Hans Chaudhry na wenzake, akiwamo Robert Schleip ambaye ni mpenzi mkubwa wa fashia, walipiga hesabu wakaona kuubadilisha umbo mkanda wa wayo hata kwa asilimia 1 kunataka nguvu ambayo mkono wa binadamu hauna. Simvunjii bibi heshima. Utando umejaa neva, na neva zikipapaswa vizuri hutulia. Zile siku mbili zilikuwa za kweli. Ila nyuzi zilizochakaa hazikuwa zimeguswa.

Zinachotaka nyuzi ni mzigo, wa polepole. Watafiti wa Denmark wakiongozwa na Michael Rathleff, katika utafiti wa watu 48 uliochapishwa 2014, waliwapa wengine mazoezi ya kunyoosha na wengine ya kuinua uzito. Baada ya miezi mitatu wa uzito walikuwa mbele. Baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa yamekaribiana, lakini anayeishi kwa miguu hana mwaka wa kungoja.

Nilifanya hivi. Nilikunja kikoi kikawa kigogo, nikakiweka ukingoni mwa kipandio cha ngazi yetu ya mawe, vidole juu yake vimekunjika, kisigino kinaning'inia nje. Mguu mmoja. Panda kwa sekunde tatu, tulia mbili, shuka tatu. Mara kumi na mbili, mizunguko mitatu, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Ilipokuwa rahisi nilivaa begi mgongoni lenye pakiti moja ya unga ya kilo mbili, kisha pakiti mbili, hadi nne, nikapunguza idadi na kuongeza mizunguko. Maumivu kidogo nilivumilia. Yakizidi kesho yake, pakiti moja inatoka. Wiki ya tatu nilitaka kuacha, maana sikuona kitu. Wiki ya nane niliswali alfajiri ndipo nikakumbuka kwamba sikushika ukuta. Ndara nazo nilizitupa, nikanunua viatu vyenye soli nene.

Sindano niliikwepa. Ile ya steroidi hutuliza kwa wiki kadhaa, lakini inaweza kuufanya mkanda ukatike. Na kama una kisukari, au kisigino kimevimba, kimekufa ganzi, au kinauma hata umelala, usianze na ngazi, anza na daktari.

Juzi nilimpitia bibi Langoni kumsalimu. Naye kisigino kinamsumbua, tena cha kushoto. Nikamwonyesha. Akakunja leso yake, akapanda kwenye daka lake, akashika mwimo wa mlango, akapanda na kushuka mara sita huku akihema.

"Na hii ni bure?"

"Bure, bibi."

"Basi watu wangu wa Ijumaa usiwaambie."