Goti lililovimba halikandwi: maswali yenu kuhusu saratani ya mifupa

*Mwanangu ana miaka 14, mpira haumtoki mguuni. Goti limevimba tangu Ramadhani, na usiku halali kwa maumivu. Fundi wa mifupa anamkanda. Niendelee naye? – Mama, Ngamiani, Tanga*

Usiendelee, mama. Goti kuuma kwa kijana wa mpira ni jambo la kila siku, na mara nyingi hupona kwa kupumzika. Linalonitia wasiwasi ni hilo la kuamshwa usiku, tena na uvimbe usiopungua. Osteosakoma, saratani ya mfupa inayowapata zaidi vijana, huota sana karibu na goti katika umri wa kurefuka haraka. Huenda siyo, maambukizi ya mfupa na hata kifua kikuu huvimbisha vivyo hivyo. Mpeleke hospitali ya Bombo apigwe eksirei wiki hii. Fundi sina ugomvi naye, ila uvimbe usiojulikana haukandwi wala hauchanjwi chale.

*Je, ni lile teke alilopigwa uwanjani? – Huyo huyo*

Hapana. Teke halioteshi saratani. Hutufanya tu tuutazame mguu uliokuwa na tatizo tayari.

*Daktari anataka kuchukua kinyama cha uvimbe akakipime. Wazee wanasema uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa. – Baba, Korogwe*

Wape wazee shikamoo zangu. Wameona wagonjwa wakipasuliwa kisha wakafa, wakaunganisha mambo. Wengi wa wagonjwa hao walifika hospitali ugonjwa umeshaingia mapafuni, ambako osteosakoma hukimbilia kwanza. Bila kinyama daktari anabahatisha tu, maana tiba hazifanani. Osteosakoma hutaka kemo, yaani dawa za kuua saratani, na upasuaji, mionzi haiitishi sana. Sakoma ya Ewing, saratani nyingine ya mifupa ya vijana, inasikia mionzi. Kondrosakoma, saratani ya gegedu ya watu wazima, kwa kawaida haijali kemo, tegemeo ni kisu.

Hata hivyo wazee hawakukosea moja kwa moja. Kinyama kikichukuliwa upande usiofaa, njia ya sindano inaweza kuchafua misuli iliyokuwa safi, na mguu ambao ungeokolewa ukakatwa. Kwa hiyo kubali, ila kichukuliwe na timu itakayompasua mgonjwa, au na daktari aliyekwisha kushauriana nayo. Muulize daktari wako bila haya.

*Baba alitibiwa saratani ya tezi dume. Sasa mgongo unamuuma, wanasema ana saratani kwenye mifupa. Ni ya pili? – Binti, Pangani*

La, ni ile ile imehamia mifupani. Kwa watu wazima hii huonekana zaidi kuliko saratani iliyoanzia kwenye mfupa wenyewe. Ya matiti na ya mapafu nazo huhama hivyo. Ataendelea kutibiwa kama mgonjwa wa tezi dume. Kwa maumivu, mionzi husaidia sana, pengine dozi moja tu, na hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wanaitoa. Miguu ikianza kulegea au mkojo ukigoma, msisubiri kuche, mkimbizeni hospitali.

*Na majani ya mstafeli?*

Hayajathibitika kutibu saratani ya mfupa. Kama mgonjwa ameshayanywa, daktari wa kemo aambiwe.

*Binti yetu ameambiwa mguu ukatwe. Hakuna njia nyingine? – Wazazi, Lushoto*

Wakati mwingine ipo. Kwa osteosakoma, kawaida huanza kemo ya miezi miwili mitatu, kisha upasuaji, kisha kemo tena. Kama mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu imesalimika, daktari bingwa anaweza kutoa kipande cha mfupa na kuweka goti la chuma. Waulizeni MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, kama kwake inawezekana.

Jibu likibaki kukata, nawaomba msimrudishe nyumbani. Kabla ya miaka ya 1970, kukata peke yake kuliokoa kama mmoja kati ya watano. Kemo ilipoongezwa, kwenye nchi zenye huduma kamili wanapona sita au saba kati ya kumi, ikiwa ugonjwa haujasambaa. Kwa mguu bandia atarudi shule, na vilima vya huko kwenu atavipanda, japo polepole.

Nywele zitanyonyoka, zitaota tena. Ila homa akiwa kwenye kemo, hata iwe saa nane za usiku, msimpe vidonge mkalala: mpelekeni hospitali saa ile ile.