Kabla hujalipa kodi ya miezi sita Dodoma, soma hapa kwanza

Wiki iliyopita dada mmoja kaniandikia. Mume wake kapata uhamisho wa kuja Dodoma, wako Dar, Tabata, watoto watatu, na dalali kashamrushia picha za nyumba tatu kwa WhatsApp anataka jibu kabla ya Ijumaa maana eti kuna mteja mwingine anazitaka hizohizo. Swali lake lilikuwa fupi tu: "Dada shikamoo, wewe ni mwenyeji huko, nichukue ipi?"

Niliisoma jikoni, chai ikafurika nisijue hata. Ile ya "kuna mteja mwingine" niliambiwa na mimi, maneno yaleyale, mwaka 2018. Nikasema hili siwezi kulijibu kwa meseji, acha niliandike lote, na wengine mlio njiani mlisome.

Barua yangu ya uhamisho niliipata mwezi wa sita 2018. Kipindi kile kila mtumishi alikuwa anajua zamu yake inakuja. TANU, chama tawala cha enzi hizo, iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma tangu 1973, watu wakaliongelea hilo miaka zaidi ya 40 bila kufunga mizigo, mpaka Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba safari hii tunahama kweli. Waziri Mkuu akatangulia Septemba mwaka huohuo, sisi wa chini tukafuata kwa mafungu mafungu. Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Sasa vuta picha, mji uliokuwa umetulia, ghafla wageni wanashuka stendi kila siku wanatafuta vyumba vitatu vyenye fensi. Wenye nyumba walishajua tunakuja, na bei zilishajua pia.

Nilikuja kutafuta mwezi wa nane, siku mbili tu. Jua kali, upepo wa vumbi, ardhi imepasuka. Dalali akanipeleka upande wa magharibi wa mji, mtaa sitautaja kwa sababu kuna majirani wazuri bado wako pale na nawaheshimu. Nyumba ilikuwa nzuri jamani. Vyumba vitatu kimoja masta, jipsamu juu, tailizi chini zinang'aa mpaka unajiona, fensi, geti jeusi. Laki tatu kwa mwezi, miezi sita mbele, na ya dalali mwezi mmoja. Milioni mbili na laki moja zikatoka siku ileile, hela yangu ya uhamisho ikabaki ya kubebea vyombo.

Pembeni ya geti kulikuwa na viroba vya mchanga kama kumi vimepangwa vizuri kabisa. Nikamuuliza dalali hivi ni vya nini, akasema fundi alibakiza. Na ukuta wa fensi kwa nje ulikuwa na mstari wa rangi ya udongo, umenyooka, unafika usawa wa goti langu. Nikadhani vumbi. Yaani niliviona vyote viwili kwa macho yangu, nikaingia ndani kuangalia kabati za jiko.

Na niseme ukweli kwa nini niliipenda. Nilitaka mama mkwe akija aone mwanae hakuoa mtu wa kuishi pabaya. Nilitaka kupiga picha sebuleni nitume kwenye grupu la ukoo. Najua hata wewe unayesoma una mtu wako ambaye unataka aione nyumba yako, sote tunaye, na huyo mtu ndiye anayetuchagulia nyumba bila sisi kujua.

Miezi minne ya mwanzo nilikaa peke yangu, sikuona shida yoyote. Ndoo mbili za maji zinanitosha, naondoka asubuhi narudi usiku. Mume wangu na watoto wakaja Desemba baada ya shule kufungwa, binti yangu anaingia la saba, mdogo wake la pili, na wa mwisho bado nambeba mgongoni.

Januari shule zikafunguliwa, na mvua nayo ikafungua.

Dodoma mvua zake ni chache, msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, lakini ikinyesha inashuka yote kwa pamoja juu ya ardhi ngumu na inakimbilia kwenye makorongo. Jumatatu ya pili ya mwezi tuliamka maji yako nje ya geti, udongo mweusi wa kunata, ule ukikanyaga kiatu kinabaki. Bodaboda wakagoma kuingia mtaani. Basi nikamvua mwanangu wa la pili soksi na viatu nikavitia kwenye rambo, nikamvisha ndala, tukatembea mpaka barabara kubwa, mimi na mtoto mgongoni na yeye kashika rambo lake kifuani kwa mikono miwili kama kabeba mayai. Tulipofika lami nikamwosha miguu kwa maji ya chupa niliyobeba ya kunywa kazini, nikamvalisha. Tukafanya hivyo asubuhi nyingi tu, sikuzihesabu. Siku moja akaniuliza, mama, Dar tunarudi lini? Sikuwa na jibu la kumpa.

Maji ya bomba ndo usiseme. Yalikuwa yanatoka mara moja kwa wiki, saa nane usiku, bomba linakoroma kwanza kisha linatema. Unaamka unakinga kwenye kila kitu ulichonacho. Na yale ya kisima cha jirani yalikuwa na chumvi, sufuria ya chai ikaota ukoko mweupe, maharage unayachemsha kutwa hayaivi, mkaa unaisha. Kwa mtu mmoja ni usumbufu, kwa watu watano wawili wakiwa wa kuvaa sare nyeupe ni kazi nyingine ya pili.

Halafu ukiniuliza siku yangu ilikuwaje nitakwambia ilikatwa vipande vitatu. Ofisi yetu wakati ule ilikuwa imehifadhiwa kwenye majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, shule ya watoto iko upande mwingine, nyumba iko magharibi. Daladala mpaka mjini, nyingine mpaka kazini. Saa kumi na moja alfajiri nishatoka. Na huku tunaambiwa ofisi zitahamia Mtumba, kilomita kama 17 kutoka katikati ya mji upande wa mashariki, majengo tunayaona yanapanda. Yaani kila siku nyumba yangu ilikuwa inazidi kuwa mbali na mimi sijasogea.

Nyumba ya pili kutoka kwetu alikuwa anakaa bibi mmoja wa Kigogo, mwenyeji wa siku nyingi. Siku aliponiona nachota matope kwa koleo uani akaja na bakuli la mlenda, tukasalimiana, mbukwenyi, akakaa kwenye ndoo akaangalia. Akaniambia hapa ni njia ya maji mwanangu, ilikuwa korongo, wakafukia wakajenga, lakini maji hayajahama. Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akasema hukuniuliza. Hakusema kwa ubaya, alisema kama anavyosema jambo la kweli. Kutoka geti langu mpaka mlango wake ni hatua hamsini, na mwezi wa nane alikuwepo palepale kakaa kibarazani.

Kosa la pili liliniuma kuliko la kwanza. Mwenye nyumba nilimpigia, akasema kwa upole kabisa, weka kifusi weka mfereji, tutakata kwenye kodi. Nikamwaga tripu tatu za kifusi, nikaita fundi akatengeneza mfereji wa kupeleka maji pembeni, jumla karibu laki nane. Kodi ilipoisha mwisho wa Februari akasema hakumbuki makubaliano hayo na anataka miezi sita yake kamili. Sina karatasi, sina hata meseji, tuliongea kwa simu tu. Kile kifusi kiko pale mpaka leo, nikipita na daladala naangalia upande mwingine. Na kwenye kikao cha familia shemeji yangu mmoja akasema mbele ya watu, mwanamke akiachiwa kuchagua nyumba ndo matokeo yake. Mume wangu alinitetea, namshukuru, ila neno lile halijatoka masikioni.

Kwa hiyo ndugu zangu nyumba ya pili niliitafuta kwa hasira. Sikumpigia dalali kwanza. Nilichukua karatasi nikaandika siku yangu, naamka saa ngapi, mtoto anafika vipi shule, nani anampokea akirudi, maji nayapata wapi, mtoto akiugua usiku nampeleka wapi na kwa usafiri gani. Kisha nikatafuta mtaa ambao siku ile inawezekana. Kwa Kiswahili chetu tunasema kupanga nyumba na kupanga siku, neno ni moja, na mimi mara ya kwanza nilipanga nyumba bila kupanga siku.

Nikaangukia Nzuguni, njia ya kwenda Dar, kati ya mji na Mtumba. Nilienda Februari hiyohiyo mvua ikiwa bado, siku ya kazi, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, nikasimama kituoni kama nasubiri gari, kumbe naangalia daladala zinakuja zimejaa au zina nafasi. Nikarudi jioni giza limeingia nikaona njia ina taa au haina. Nikanunua nyanya genge moja nikamuuliza mama wa genge maji yanatoka siku zipi, akaniambia na saa. Nikamuuliza bodaboda ni mitaa gani hataki kuingia mvua ikinyesha, akanitajia mmoja mmoja bila kufikiri, huyu ndiye mtu wa kuulizwa kuliko dalali kwa sababu yeye hana asilimia yake pale. Nikapita kwa mwenyekiti wa mtaa maana barua ya utambulisho utaihitaji tu mbele ya safari, na ukimsikiliza mwenyekiti dakika kumi utajua mtaa una ugomvi gani.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kawaida sana. Sakafu ya simenti, hakuna jipsamu, umeme wa LUKU tunachangia na mpangaji wa uani, laki mbili. Binti yangu aliangalia juu akaona mbao na bati akalia. Ila kiwanja kiko juu kwenye mwinuko, shule ni mwendo wa dakika kumi na mbili kwa miguu ya mtoto, nimepima mimi mwenyewe kwa hatua zake, na mimi kazini ni gari moja. Mwezi wa nne ofisi ikahamia Mtumba, nikawa napanda gari kituo kilekile. Ikapita miaka stendi kuu ya Nanenane na soko la Job Ndugai vikajengwa huku kwetu, waliokuwa wananicheka nimeenda porini wakaanza kuniulizia vyumba.

Binti aliyelia alifanya mtihani wake wa la saba Septemba 2019 na akafaulu vizuri, kwa sababu alikuwa analala mpaka saa kumi na mbili na jioni anarudi jua bado lipo. Hilo ndilo jambo ninalojivunia kuliko hata kiwanja chetu tulichokuja kununua na kujenga. Mzazi mwenzangu, tailizi hazimfundishi mtoto. Saa mbili zaidi za usingizi zinamfundisha.

Na kama mtoto wako yuko darasa la mtihani, la saba au kidato cha nne, tafadhali usimhamishe katikati ya mwaka. Mimi nilimhamisha wangu mwanzo wa mwaka na bado alihangaika mpaka Pasaka.

Kuna wanaoniuliza, sasa treni ya SGR ipo tangu 2024, Dar unafika chini ya saa nne, si bora familia ibaki Dar mtu aende na kurudi wikiendi? Enzi zetu basi lilikuwa linakula siku nzima, kwa hiyo naelewa tamaa hiyo. Lakini mimi nasema hapana. Ile miezi minne niliyokaa peke yangu mwanangu wa mwisho alianza kumwita dada wa kazi mama. Kama kuhama mnahama, hameni wote, mkae pamoja hata kwenye simenti.

Kwa mnaotaka kununua kiwanja moja kwa moja, sote tunataka, msikimbilie. Pangeni angalau msimu mmoja wa mvua kwanza. Na ukiletewa karatasi za zamani za CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyokuwa inagawa viwanja hapa, ujue mamlaka ile ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikaenda halmashauri, na ilikuwa inamilikisha ardhi kwa miaka 33, kwa hiyo nenda ofisi ya ardhi ya jiji ukahakikishe kiwanja kimesajiliwa kwa nani na kwa miaka mingapi. Nenda mwenyewe. Usimtume mtu.

Jambo jingine dogo, usije kutafuta nyumba wakati wa Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni. Gesti zinajaa, unalala ghali, unachoka, unasaini chochote ili tu umalize.

Sasa dada yangu wa Tabata, picha zako. Ya kwanza na ya tatu siwezi kuzisemea, mwambie mumeo apande treni aje azione siku ya kazi asubuhi. Ila ile ya pili, yenye geti la kijivu, ambayo umeandika umeipenda, nimeikuza mpaka mwisho. Kona ya kushoto chini kuna viroba vinne vimepangwa kwenye ukuta. Mpigie dalali leo umuulize ni vya nini, halafu atafutwe jirani wa muda mrefu aulizwe swali hilohilo.