Je, Mwandishi wa Miongozo Lazima Ajue Lugha za Programu?

SWALI: Mimi ni mhariri na natamani kuingia kwenye uandishi wa miongozo ya kiufundi. Matangazo mengi ya kazi yanataka mtu anayejua Python au Java, nami sijawahi kuandika programu hata mstari mmoja. Nisomee kwanza, au niombe hivyo hivyo?

JIBU: Omba, ndugu mhariri, ila kwanza jua utakuwa unamwandikia nani. Anayeeleza jinsi ya kutumia kipimo cha shinikizo la damu hahitaji Python; anahitaji kukishika kipimo chenyewe. Anayewaandikia waandaaji programu, huyo hana pa kukwepea: lazima aweze kusoma msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe. Nasema kusoma. Kujenga programu ni kazi ya wenzake.

Tuichukue hiyo Python. Katika toleo la 2 uliweza kuandika print "Habari" ili neno hilo lionekane kwenye skrini. Toleo la 3, lililotoka 2008, linadai mabano: print("Habari"). Toleo la 2 liliacha kuhudumiwa 2020, lakini mifano yake bado imezagaa. Ukiuweka mmoja kwenye mwongozo, msomaji anakumbana na kosa mstari wa kwanza tu, na kurasa zako nyingine hataziamini tena. Kosa hilo halionekani kwa jicho la sarufi. Hulibaini aliyenakili mfano, akaubandika, akauendesha. Mimi huendesha kila mfano kabla haujachapishwa, hata nikiletewa na fundi ninayemwamini kuliko wote, maana kompyuta yake imeshasheheni vitu ambavyo ya msomaji haina.

Tena, ujuzi huu hukupa maswali ya kuwauliza mafundi. Seva, yaani kompyuta inayopokea maombi ya programu nyingine, ikijibu kwa namba 401, haijakutambua; ikijibu 403, inakunyima ruhusa. Asiyejua tofauti hiyo ataandika "hitilafu imetokea", na msomaji atashinda akibadilisha nywila ambayo haina tatizo lolote.

Kwa hiyo soma misingi ya Python, jifunze kuandika kwa Markdown (mtindo mwepesi wa kupangilia maandishi kwa alama), uzoee Git (chombo cha kutunza faili na kufuatilia mabadiliko yake), kwa sababu timu nyingi huhifadhi humo miongozo pamoja na msimbo. Java inaweza kusubiri.

Na katika maombi yako usidai kwamba unajua Python. Chagua programu huria ndogo (ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote) yenye maelezo mabovu, uyaandike upya, uendeshe kila mfano, kisha uambatanishe kurasa hizo. Mimi ningeanza kuzisoma hizo kabla ya vyeti.