Jibu: Kizunguzungu cha mama kinarudi, kitaisha kweli?

Salaam, ndugu wa Shela. Umeuliza kama kizunguzungu kinachomrudia mama ni cha maisha. Kwanza tazameni saa. Kikimshika akijigeuza kitandani na kupita kabla ya dakika 1, aghalabu ni chembe za chokaa zilizohama ndani ya sikio. Hiyo ina afadhali: daktari humlaza kichwa kikining'inia, akakigeuza kwa hatua, sekunde 30 au zaidi kila hatua. Huweza kurudi, na hutibiwa vilevile.

Kikidumu masaa, sikio likivuma na kuziba, apimwe usikivu mapema. Vizunguzungu mara nyingi hupungua kwa miaka, lakini usikivu uliopotea kabisa haurudi. Boti ya kuvukia Mokowe, bara, asipande peke yake kwa sasa. Ulimi ukiwa mzito au uso ukipinda, hospitali saa hiyo hiyo.