Nani Anamwamkia Kaka Yangu?

Wiki hii mmetuuliza tutumie neno gani badala ya "taahira". Kaka yangu ana miaka 46 na majina hayo yote ameshaitwa: zuzu, punguani, zezeta. Shuleni alikaa darasa la kitengo, lile la watoto wenye ulemavu, huko yeye na wenzake wakaitwa "watoto maalumu". Siku hizi kwenye fomu ni "mwenye ulemavu wa akili". Majina yamebadilika, na yeye kwenye shughuli bado huwekwa sinia la watoto. Ndiyo maana nauliza langu: nani anamwamkia?

Ilikuwa hitma ya arobaini ya mama, nyumbani Muheza. Majamvi yametandikwa mpaka chini ya mfenesi. Kaka alikuwa anachota maji tangu alfajiri, kazi ambayo hakuna wa kumshinda. Akaja binti wa jirani, wa miaka saba hivi, akawa anaamkia wakubwa mmoja mmoja kama alivyofundishwa. Alipomfikia kaka, mama yake akamvuta mkono: "Huyo mpite, hajui kitu." Lakini shikamoo ilikuwa imeshatoka. Kaka akatua ndoo. Akafuta mikono kwenye shati, wa kulia, kisha wa kushoto, akanyooka, akaitika "Marahabaa", akiivuta vilevile alivyokuwa akiivuta marehemu baba. Akamuuliza hajambo. Akamuuliza yuko darasa la ngapi. Mtoto akasema la kwanza. Kaka akamwambia, "Soma." Akabeba ndoo yake akaenda zake. Jamvi zima kimya. Mimi nimesimama na sinia la pilau, nikakumbuka kwamba ni mdogo wake kwa miaka mitatu na sijawahi kumpa shikamoo hata siku moja.

Nilianza kuandika nikitaka kuwaambia kwamba maneno si kitu. Sasa siwezi, maana shikamoo nayo ni neno. Na yule mama hakutukana. "Hajui kitu" ni maneno ya kila siku, ila yalitosha kumfundisha mtoto nani wa kumruka. Wenzetu Wakenya wameliandika kwenye Katiba yao ya 2010, kifungu cha 54, kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Zamani niliona hayo ni mambo ya wanasheria.

Basi ndiyo, "taahira" liachwe, na kwenye vichekesho liachwe kwanza. "Mtoto maalumu" nalo, kwa mtu mwenye mvi, silitaki. Ila bibi anayesema "mgonjwa" nisingemkemea mbele za watu. Ningekaa naye nimweleze kwamba kaka haumwi, hii si homa ya kunywewa dawa ikaisha, ndivyo alivyo tangu kuzaliwa.

Siku hizi nikimpigia simu naanza na shikamoo. Wanangu nao wanamwamkia, ingawa yule mdogo bado hunitazama mimi kwanza.