Maswali yenu ya picha: kabla hujaposti, angalia nani mwingine yumo

Haya, nimerudi. Maswali yamejaa, mengi ni ya safari na ibada, na kama kawaida nusu yake ni lile lile moja, kwa hiyo naanza nalo ili lisinisumbue.

Kuna apu ya kuniambia nani anaingia kwenye profaili yangu ya Instagram kuangalia picha zangu?

Hakuna. Nshasema, narudia, hakuna. Stori ndo unaona nani kaiangalia, profaili huoni. Hizo apu zinazokuahidi hivyo zinataka paswedi yako tu, ukishawapa utashangaa akaunti yako inawauzia marafiki zako miwani ya jua saa nane usiku wewe umelala. Atakayeuliza tena simjibu.

Naenda umra mwezi ujao. Wenzangu wananiambia nikiposti picha nitakuwa nafanya riya. We unasemaje?

Dada yangu mi siyo shehe. Riya unaijua, kufanya ibada ili watu wakuone, Mtume (s.a.w.) aliiita shirki ndogo, na nia haipimwi na simu kwa hiyo hapo utajihukumu mwenyewe. Na ndugu zetu Wakristo msicheke, Mathayo 6 inawangoja, ile ya kuingia chumba cha ndani na kufunga mlango, maana siku hizi mtu anafunga mlango kweli lakini humo ndani ameshasimamisha simu kwenye traipodi.

Ila mi nina jambo langu ambalo hakuna anayeniuliza. Tuseme umepiga selfi, Kaaba iko nyuma, mwanga umekubali, umetoka vizuri. Hebu ikuze hiyo picha kwa vidole viwili. Nyuma ya bega lako la kushoto kuna mama ameinua mikono, kope zimelowa, mdomo uko nusu wazi, yuko katikati ya dua. Yule mama hajui kama yumo kwenye simu yako, na jioni atakuwa kwenye stetasi inayoangaliwa na watu mia tatu asiowajua. Kajinyima huyo, kaweka akiba miaka, kaja kulia mbele ya Mola wake, we unamfanya pambo la nyuma.

Unajua Novemba 2017 Saudia walitangaza marufuku ya kupiga picha na video ndani ya msikiti wa Makka na ule wa Madina, na kutosumbua wanaofanya ibada ilikuwa mojawapo ya sababu. Watu bado wanapiga, najua, mnanitumia. Siyo Waislamu peke yao, pale kwenye kanisa la Sistine Vatikani walinzi siku nzima wanaambia watu washushe simu na watu wanazipandisha tena. Ushauri wangu: pigeni nje, wewe na wenzako, mliokubaliana. Ndani weka simu mfukoni. Na ukitaka kuposti, posti ukirudi.

Ni sawa kuposti stori nikiwa bado niko safarini? Mi siyo staa, nani atanifuatilia.

Posti ukirudi.

Sawa naongeza. Kim Kardashian, yule staa wa televisheni wa Marekani, aliibiwa Paris Oktoba 2016, vito vya mamilioni ya dola, na mmoja wa waliomuibia alikuja kusema mwenyewe kwamba habari zake zote walizipata intaneti, kafika lini na ana nini. Utaniambia we huna vito. Una nyumba lakini, na umetangaza kwamba haina mtu mpaka Jumapili.

Rafiki yangu ana tabia ya kuposti picha zetu bila kuniuliza na kunitagi. Nikitoa tagi picha inaondoka? Na nitamwambiaje asikasirike?

Haiondoki. Ukitoa tagi jina lako ndo linatoka, sura inabaki pale pale kwenye ukurasa wake na watu waliokuwa wanakujua bado wanakujua. Ingia kwenye mipangilio uwashe ile ya kuidhinisha tagi kwanza, Facebook iko, Instagram iko, ni dakika mbili. Lakini hiyo inalinda ukurasa wako tu, picha yenyewe kuiondoa ni mpaka yeye akubali aifute, au uiripoti kama inavunja sheria zao.

Sasa hapa nikiri kitu, maana mi mwenyewe nilishawahi kuwa huyo rafiki. Tulisafiri wanawake watano, tukapanga vyumba viwili, asubuhi ya pili nikapiga picha ya wenzangu wawili wanacheka kitandani, mito iko chini, chai imemwagika kwenye trei, picha tamu kweli. Nikawauliza wale wawili, tuposti? Wakasema posti. Nikaposti. Hakuna kati yetu aliyeangalia kioo cha kabati. Ndani ya kile kioo, pembeni kabisa, mdogo kama kidole gumba, yuko mwenzetu wa tatu anachana nywele. Mtu ambaye tangu abalehe hajawahi kutoka nje bila hijabu. Niliposti kabla ya adhuhuri, alasiri haijaingia mjomba wake ameshampigia simu. Alilia mpaka nikatamani ardhi inimeze. Nilifuta, ndiyo, lakini mtu alikuwa ameshapiga skrinshoti na skrinshoti haifutiki kwa kuomba msamaha. Hanisemi mpaka leo ila akiniona na simu mkononi anahama kiti.

Kwa hiyo mwambie rafiki yako hivi hivi bila kuzunguka: nitumie kwanza nione, nikisema ndiyo uposti. Akikasirika mwache akasirike, atapoa. Na nyie wengine mnaosema "ah si marafiki tu, ruhusa ya nini," ruhusa ni ya kila aliyemo, pamoja na wa kwenye kioo.

Kuposti tiketi ya ndege kuna ubaya gani? Jina nimelifunika na emoji.

Na zile herufi sita za namba ya buking umezifunika? Na ule mchoro wa msimbopau, ile mistari au vidoti vya kuskani? Hujaufunika, nimeona. Mchoro ule simu yoyote inausoma, na ndani yake kuna jina lako ulilolificha kwa emoji pamoja na namba ya buking. Mwenye namba hiyo na jina la ukoo mara nyingi anaingia kwenye tovuti ya shirika kama vile ni wewe, anabadilisha kiti, anaweza hata kukufutia safari. Tony Abbott, waziri mkuu wa zamani wa Australia, aliweka tiketi yake Instagram mwaka 2020 akishukuru wahudumu wa ndege, jamaa mmoja anayejua kompyuta akatumia hiyo tu akafika mpaka kwenye namba yake ya pasipoti na ya simu. Bahati yake jamaa alikuwa mtu mwema akatoa taarifa. Piga picha ya dirisha la ndege kama watu wote, mawingu hayana paswedi.

Eti kweli picha inaonyesha ulipokuwa hata kama hujaandika lokesheni?

Inaweza. Kamera ya simu ikiruhusiwa inaandika ndani ya faili siku, saa, aina ya simu na mahali penyewe kwa namba za GPS. John McAfee, yule wa programu za kuzuia virusi, alikuwa mafichoni Desemba 2012, waandishi wa jarida la Vice waliokuwa naye wakaposti picha yake kwa fahari, watu wakafungua faili wakakuta yuko Guatemala. Siku chache baadaye akakamatwa.

Mitandao mikubwa inafuta hizo namba kwa anayeangalia, japo wenyewe walishazipokea. WhatsApp ukituma kama picha ya kawaida zinatoka, ukituma kama dokumenti ili "isipungue ubora" zinakwenda nayo zote, na hapo ndipo wengi wanajikwaa. Zima ruhusa ya lokesheni kwenye kamera, basi. Alafu angalia na nyuma ya picha, maana unaweza kufuta GPS yote na bango la hoteli likawa linasomeka juu ya kichwa chako.

Mimi ni wa kitengo cha media kanisani. Tunaposti picha za ubatizo na watoto wa Sunday school, wazazi wengi wanafurahi. Umeandika kama tunafanya kosa.

Ndugu yangu sijaandika hivyo, ila kwa kuwa umeuliza, naandika sasa. "Wazazi wengi wanafurahi" maana yake kuna wasiofurahi na hukuwauliza.

Tuanze na watoto. Posti yenu ya mwisho uliyonitumia ina sura ya mtoto, jina lake kamili, jina la kanisa, na maneno "tunakutana kila Jumapili saa tatu." Mtu mbaya hana haja ya kupeleleza tena, mmemmalizia kazi. Toa majina. Piga kutoka nyuma, mikono inayochora, viti vidogo, furaha inaonekana hata bila sura. Na idhini ya mzazi iwe kwa maandishi, siyo "alikuwepo na hakusema kitu." Kuna baba na mama walioachana na mmoja amekatazwa asijue mtoto anakaa wapi, we utajuaje?

Wa pili ni hao mnaowabatiza wakubwa, na hili ni la misikiti pia mnapoposti mtu anasilimu, kamera iko puani anatamka shahada huku anatetemeka. Nyie mnasherehekea, yeye nyumbani hajasema. Kuna mtu akibadili dini anafukuzwa, ananyimwa urithi, anapigwa, na kuna nchi ambazo ni kesi kabisa mahakamani. Kuwaambia ndugu zake ni haki yake yeye, kwa siku anayochagua yeye. We unamwahishia kwa ajili ya laiki mia mbili, alafu unaandika "utukufu kwa Mungu."

Na msimuulize akiwa bado analowa maji mbele ya watu wote, hapo nani atasema hapana. Muulizeni wiki moja baadaye, pembeni, mmoja kwa mmoja.

Nikichukua picha ya mtu ya safari nikaandika "picha kwa hisani ya intaneti" si inatosha?

Intaneti haina hisani. Picha kwa kawaida ni ya aliyeipiga, mtafute umuombe. Na wewe uliyeuliza kama ukijiweka kwa kuediti mbele ya mnara wa Eiffel ni uongo: ndiyo kaka, ni uongo, na kivuli chako kinaelekea upande wa jua.

Nataka selfi kali ukingoni mwa maporomoko ya maji, nisimame wapi?

Mbali. Watafiti wa India walihesabu vifo vya selfi vilivyoripotiwa kwenye habari duniani kati ya 2011 na 2017 wakapata 259, na sababu ya kwanza ilikuwa kuzama. Nitumie ukiwa umekaa chini.

Rafiki yetu amefariki jana, nimeposti picha yake ya mwisho akiwa hospitali na maneno ya kumuaga. Dada yake amenitukana. Nimekosea wapi?

Pole sana kwa msiba. Kwanza futa hiyo picha alafu ndo uendelee kusoma.

Umefuta? Haya. Dada yake huenda alikuwa bado hajampigia mama yao. Au alikuwa anatafuta maneno, na mama akakutana na habari kwenye stetasi yako kati ya tangazo la viatu na video ya paka. Tena picha yenyewe, mtu ana mipira puani, hajachana nywele, midomo imekauka. Angekuwa hai angekuruhusu? Mtu aliyekuwa akipigwa picha ya kitambulisho anaomba irudiwe mara tatu! Nenda msibani, usimjibu dada mtandaoni, mshike mkono. Familia ikishatangaza wenyewe na ukipata ruhusa yao, weka picha aliyoipenda yeye.

Nikiposti lile tangazo la "siruhusu Facebook kutumia picha zangu" nalindwa?

Hapana. Limeanza kuzunguka tangu 2012 na halijawahi kumlinda mtu. Ulikubali masharti siku ulipofungua akaunti, kwa kidole hicho hicho.

Umenitisha. Nina picha zaidi ya elfu nne tangu nianze Facebook, nyingine hata sikumbuki. Nianzie wapi?

Usikae usiku kucha unafuta moja moja. Kwenye mipangilio ya faragha ya Facebook kuna sehemu ya kubana posti za zamani, ukibonyeza zile zote zilizokuwa wazi kwa dunia zinabaki kwa marafiki tu. Instagram unaweza kuhifadhi picha kwenye kumbukumbu isionekane bila kuifuta, baadaye ukaamua. Ukishamaliza hizo mbili pumzika, alafu anza kupitia zenye watu wengine ndani. Zako za peke yako, hata ile ya 2011 ya suruali nyekundu, zinaweza kusubiri.